Waya wa Gitaa la Wynelle

Nettle Ridge, Alabama
15 Septemba 1996

Dada Wynelle mpendwa,

Nakuandikia nikiwa mzima, na naomba ikukute wewe na shemeji Arne katika hali hiyo hiyo, kabla theluji ya huko kwenu haijaziba mlango wa mtu wa posta. Mama anakusalimu sana. Anakula vizuri na kugombana na mchungaji vizuri. Jumanne iliyopita nilimkuta amesimama juu ya kiti akifuta feni. Nikamwambia, "Mama, una miaka sabini na tisa." Akasema anajua, alikuwepo tangu wa kwanza. Simu hataki tena kuigusa, anasema imeharibika. Nimeijaribu mimi, inafanya kazi, lakini wewe unamjua Mama. Ndiyo maana naandika, na pia kwa sababu mimi na wewe kwenye simu hatujawahi kufika dakika ya tatu bila mmoja kukata.

Mimi bado niko kwenye mizani ya kinu cha chakula cha kuku, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Lori likiingia tupu, naandika. Likitoka limejaa, naandika. Nikifika nyumbani naandika shajara, nisije nikasahau kwamba nilishinda nikiandika. Thurman Oakes, mpiga dramu wetu wa tangu zamani, anasema siku nikifa watanikuta nimeshajaza tarehe na hali ya hewa.

Sasa habari za tamasha letu, Siku ya Malisho. Mwezi uliopita tulifanya ya kumi na moja. Unakumbuka ya kwanza, mwaka themanini na sita: watu kumi na wanne na mbwa watatu, tela ya nyasi ya Baba ikiwa jukwaa. Ya pili walikuja tisa, maana watano walikuwa wameshanisikia nikiimba. Mwaka huu walikuja watu elfu moja mia tatu na sita. Niliwahesabu mwenyewe pale getini kwa kile kidude changu cha kubonyeza, mpaka kidole gumba kikavimba. Hatujawahi kubandika tangazo hata moja. Hakuna tiketi, hakuna anayelipwa, sheria ni ile ile: kila familia ije na chakula kilichofunikwa. Bendi zimefika tisa, zote roki yetu ya Kusini, nyingine zimetoka Georgia na Mississippi. Ng'ombe tunawahamisha wiki moja kabla. Walichoacha hatukihamishi chote, na kila mwaka kuna mgeni aliyevaa viatu vyeupe.

Kuhusu chakula, nadhani sikuwahi kukusimulia aibu ya mwaka themanini na tisa. Nilitengeneza orodha kwa herufi za majina ya ukoo: A mpaka G walete nyama, H walete saladi ya viazi, waliobaki walete vitamu. Nilijiona bingwa wa mipango. Nilisahau kwamba kaunti hii yote ni kina Hargett, kina Hammond na kina Hargrove. Tulipata mabakuli arobaini na moja ya saladi ya viazi, kuku mmoja na keki. Hadi leo watu wananiita Bwana Viazi.

Mwisho, kama kawaida, tulipiga wimbo wetu, ule wa barabara ya changarawe. Lamar, shemeji yake Thurman, alisimama na gitaa la pili, na watu wote wakauvumisha kwa midomo iliyofumbwa. Wanafanya hivyo tangu mwaka wa tisini, umeme ulipokatika katikati. Ukisikia watu elfu wakivumisha wimbo wako, unaweza kusahau kwamba wewe ni mpima malori.

Dada, mwakani tarehe 2 Agosti ni ya kumi na mbili. Kuna kituo cha redio cha Birmingham kinataka kuja. Utakuja? Na utaleta gitaa?

Ni mimi mdogo wako,
Delmus


Duluth, Minnesota
3 Novemba 1996

Mdogo wangu Delmus,

Barua yako ilifika na theluji ya kwanza, siku moja. Sisi hatujambo. Arne anasubiri ziwa ligande ili akakae juu yake kwenye kibanda kidogo na kutazama tundu siku nzima. Anasema anavua samaki. Miaka kumi nimeishi na watu hawa na bado nadhani wanajificha tu wasiongee. Mwambie Mama nafunga skafu aliyoifuma, ile ya njano, na kwamba Arne amejifunza kupika vizuri. Siku hizi viazi vyote anamenya yeye.

Nilicheka habari ya viazi mpaka nikakaa chini. Mtu wa mizani ndiye wewe, na hukujua kwamba kaunti imelalia upande wa H!

Unauliza kama nitakuja. Unauliza kama nitaleta gitaa. Gitaa liko juu ya kabati, halijambo, linakusalimu.

Na mimi nina swali moja. Wewe unaandika kila kitu. Basi chukua shajara ya mwaka themanini na sita, fungua tarehe 2 Agosti, unisomee ulichoandika. Chote, mpaka mstari wa mwisho. Ukishanisomea, ndipo tuzungumze habari za kuja.

Mbusu Mama shavuni.

Wynelle


Nettle Ridge
12 Januari 1997

Dada mpendwa,

Heri ya mwaka mpya, ingawa imechelewa. Krismasi ilikuwa njema. Mama alitengeneza pudini ya ndizi, ile ya bakuli kubwa. Kanisani alikaa benchi la mbele kabisa, yeye ambaye maisha yake yote alikaa nyuma ili atoke kabla ya sadaka ya pili. Mchungaji alifurahi, akadhani ameokoka upya. Mimi nilipata mafua tarehe 27 mpaka 31, na nimeyaandika.

Umeniomba nikusomee. Nimelitoa lile daftari sandukuni, nanakili:

"Jumamosi, 2 Agosti 1986. Joto kali, hakuna upepo. Sisimizi wa moto karibu na gurudumu la kushoto la tela, nimewamwagia maji ya moto. Watu 14, mbwa 3. Chakula: nguruwe wa kuchoma, maharagwe, mkate wa mahindi wa Mama, chai baridi galoni tano. Thurman alichelewa. Wynelle alivaa shati jekundu. Tulipiga nyimbo kumi na moja. Mwisho tukapiga wa barabara ya changarawe, mimi sehemu ya chini, Wynelle ya juu."

Baada ya hapo ukurasa uliingia maji, wino umetawanyika, hausomeki. Pole sana. Paa letu unalijua.

Redio wamethibitisha. Nimeanza orodha ya vyoo vya kukodi. Safari hii sigawi kwa herufi.

Bado sijajua kuhusu gitaa.

Delmus


Duluth
9 Februari 1997

Delmus,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Sisi ni wazima. Ziwa limeganda, na Arne kaganda nalo.

Sasa. Tangu lini wewe ukaandika kwa wino? Tangu darasa la tano unaandika kwa penseli, unaichonga kwa kisu cha Baba, ukisema wino ni kwa watu wanaojiamini. Penseli haitawanywi na maji. Umeishi miaka arobaini na sita, na uongo bado unautunga kama mtoto aliyeshika sega la asali akisema hajaona nyuki.

Jambo la pili. Thurman alinitumia kaseti ya Siku ya Malisho ya mwaka juzi. Usimgombeze, nilimwomba mimi. Niliisikiliza jikoni. Ulipofika wimbo wetu, wewe ukapiga sehemu ya chini, huyo Lamar naye akapiga ile ile ya chini, na watu wote wakavumisha ya chini. Delmus, hiyo siyo tuni! Hiyo ni kivuli cha tuni. Tuni yenyewe nilikuwa naipiga mimi, juu yake. Umewafundisha watu elfu moja nusu ya wimbo, na wameipenda hivyo hivyo, na bendi changa za Georgia zinaipiga hivyo zikidhani ndiyo nzima. Nilicheka mpaka Arne akaja mbio na taulo, akidhani nalia. Labda nilikuwa nafanya yote mawili.

La tatu, na hili soma taratibu. Simu "imeharibika." Kanisani benchi la mbele. Anagombana na mchungaji kwa maneno ambayo bila shaka mchungaji hakuyasema. Kwenye kaseti namsikia Mama akiwaambia watu, "Nisogezeeni kiti, nisogezeeni tena." Delmus, Mama hasikii. Umeyaandika yote hayo kwa tarehe na hujayasoma. Mpeleke kwa daktari.

Kisha niandikie mstari wa mwisho.

Wynelle


Nettle Ridge
4 Mei 1997

Dada Wynelle,

Nisamehe ukimya wa karibu miezi mitatu. Nilianza barua mara sita. Tarehe za zote ninazo, lakini sitakuchosha.

Mama ni mzima wa mwili na anakusalimu. Ulisema kweli kuhusu masikio. Nilirudi kwenye daftari za miaka minne nikakuta nimeliandika jambo hilo mara kumi na tisa bila kulijua: "Mama hakujibu," "Mama alicheka mahali pasipochekesha," "Mama kasogeza kiti." Kila mwaka nilipima umbali wa kiti chake na spika. Mita kumi na mbili, tisa, sita, mbili. Nilidhani ananionea fahari!

Daktari wa Gadsden anasema sauti za juu ndizo zinazokwenda kwanza, na zake zimekwenda nyingi. Zilizobaki nazo zinapungua. Mwaka mmoja, labda pungufu. Vile vifaa vya masikioni vitasaidia maneno, alisema, siyo muziki.

Tukirudi nyumbani kwenye gari, Mama akaniambia, kwa sauti ile ya mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe, "Basi nimeelewa. Miaka yote hii namwona Lamar anapiga sehemu ya Wynelle na siisikii. Nasogea, siisikii. Nikasema, ni masikio haya."

Nikaangalia kioo cha nyuma.

"Sivyo?" akasema.

Nikapaza sauti, "Mama, Lamar hapigi sehemu ya Wynelle!"

"Anapiga nini?"

"Anapiga yangu!"

"Na yako unapiga wewe?"

"Ndiyo!"

"Wote wawili mnapiga yako?"

"Ndiyo, Mama!"

Akatazama mashamba kwa dirisha mpaka tukapita kinu. Kisha akasema, "Mnanichosha masikio bure. Nataka kuusikia wote, Delmus, mara moja, kabla hayajafungwa kabisa. Mwandikie dada yako."

Ndiyo hiyo sababu naandika leo, na ndiyo hiyo sababu siwezi tena kusema habari za maji. Mstari wa mwisho wa tarehe 2 Agosti 1986 ni huu: "Nilijikwaa kwenye waya, amplifaya ya Wynelle ikazima."

Sikujikwaa. Nilichomoa waya wako kwa mkono. Ulikuwa umefika pale juu kabisa, na wale watu kumi na wanne wote walikuwa wanakutazama wewe. Hata mbwa, Wynelle. Mbwa watatu, wote wamekaa, wamekuelekea. Mimi nilikodi vipaza sauti, nilifyeka malisho, niliua sisimizi, niliandika ratiba, na hata mbwa hawakunitazama. Nikainama kama mtu anayerekebisha kitu, nikavuta. Kisha nikaangalia chini na kusema nimejikwaa. Wewe uliweka gitaa kwenye kasha, na wiki ile ile ukahama.

Katika miaka ishirini na sita ya shajara, huo ndio mstari wa uongo pekee. Nilikuwa najisifu kwamba vitabu vyangu havina kosa. Nilikuwa nauruka huo mstari kama ng'ombe anavyoruka waya wa umeme.

Delmus


Duluth
25 Mei 1997

Delmus, mdogo wangu,

Tumeamka wazima. Theluji imekwisha, isipokuwa lile rundo chafu nyuma ya kanisa ambalo nadhani linalipiwa kodi.

Niliona. Miguu yako ilikuwa huku, mkono wako ulikuwa kule. Nilijua siku ile ile. Sikuondoka kwa sababu ya waya. Niliondoka kwa sababu ulisema umejikwaa na kila mtu akasema, "Pole, Delmus." Mama akakuletea hadi chai! Miaka kumi na moja nimesubiri tu hicho kidaftari chako kiseme ukweli, maana nakujua: kwako kitu kisichoandikwa humo hakijatokea.

Haya, sasa zamu yangu ya kuona aibu. Umeniuliza mara mbili kuhusu gitaa, na mara mbili nimekupiga chenga. Mwaka tisini na moja, kwenye kiwanda cha karatasi, mashine ilinishika mkono wa kushoto. Ilichukua kidole cha pili na cha tatu, kuanzia kifundo cha kati. Ndiyo maana Arne anamenya viazi. Sikumwambia Mama kwa sababu angepanda basi akaja kukipiga ngumi kiwanda. Sikukwambia wewe kwa sababu nilitaka uendelee kunionea wivu. Hilo nalo liandike.

Kwa hiyo sitaleta gitaa. Siwezi kupiga sehemu ya juu. Nilijaribu kugeuza mikono, niwe nabonyeza kwa kulia. Sauti ilikuwa kama ya mlango wa ghala.

Lakini sikiliza. Unao watu elfu moja mia tatu wanaojua sehemu ya chini kwa moyo. Uliwafundisha mwenyewe, bila kukusudia, kama ufanyavyo mambo yako yote mazuri. Hao ndio gitaa lako la pili. Kinachokosekana ni ya juu tu. Ipige wewe.

Na usiniambie hujui. Uliisikia kila siku kupitia ukuta tangu ukiwa na miaka kumi. Unaanzia uzi wa tatu, nafasi ya saba ya shingo ya gitaa, kidole cha kwanza. Mara ya pili unapanda uzi wa pili, nafasi ya kumi, na hapo usikimbie. Kaa, vuta uzi polepole kama unafungua droo yenye mayai. Pale juu kabisa ni uzi wa kwanza, nafasi ya kumi na tano. Shusha bega. Huwa unakaza bega kama mtu aliyebebeshwa gunia la pumba. Nimekuchorea kwenye karatasi ya pili.

Na Mama je, sauti za juu zimekwenda? Hilo niachie mimi, nalifikiria.

Dada yako,
Wynelle


Nettle Ridge
13 Julai 1997

Dada mpendwa,

Mama ni mzima, mahindi yamebeba, joto ni lile lile la kuyeyusha lami. Nimechana karatasi tatu nikijaribu kukuandikia kuhusu mkono wako. Ya kwanza ilikuwa ndefu mno, ya pili ilinihusu mimi, ya tatu nilimwonyesha Thurman, akasema, "Hapo unamlilia au unamwomba kazi?" Kwa hiyo naandika tu hivi: nimesikia, na nimekasirika kwa ajili yako, na bado nakuonea wivu.

Nafanya mazoezi kwenye kibanda cha mizani, kati ya lori na lori. Madereva wameanza kuzima injini ili wasikie, kisha wanawasha haraka. Thurman alikuja na mzigo wa kuku wake, akasimama dirishani.

"Delmus, una paka humo?"

"Hakuna paka."

"Basi mwachie huyo uliyemkanyaga."

"Nenda kapime kuku zako, Thurman."

"Wamekufa wawili tangu uanze nafasi ya kumi na tano. Niandikie hiyo kwenye karatasi ya mizani."

Niliandika, kwa mazoea. Bosi wa kinu ameuliza ni ugonjwa gani huo.

Ukweli ni kwamba saba naiweza, kumi naiweza nikiwa peke yangu, na ile ya kumi na tano naifikia mara moja katika nne. Nimeweka hesabu: mara 212 nimejaribu, 53 nimefika. Redio watakuja. Mama ameshachagua kiti: si karibu na spika tena, ni juu ya tela yenyewe. Nimemwambia ni hatari. Akasema, "Nini?" Safari hii nadhani alisikia.

Mstari wa mwaka themanini na sita sijaufuta bado. Nataka uje kwanza, tukubaliane.

Delmus


(kadi ya posta, picha ya daraja la Duluth)
23 Julai 1997

Delmus. Tunaondoka Alhamisi ijayo kwa gari, Arne anaendesha, siku mbili. Nitafunga skafu ya njano kwenye mkono ili Mama asianze kupiga kelele kabla sijashuka. Usiniweke kwenye ratiba. Hamsini na tatu katika mia mbili na kumi na mbili inatosha. W.


Nettle Ridge
17 Agosti 1997

Dada Wynelle mpendwa,

Natumaini mlifika salama, na kwamba Arne amepona kuungua kwa jua. Watu bado wananiuliza yule bwana mwekundu aliyekula mabakuli saba ya saladi ya viazi bila kusema neno ni nani. Nimewaambia ni shemeji yangu, na kwamba nampenda. Mama hajambo. Kelele alizopiga alipoufungua mkono wako zilisikika mpaka kwa kina Hammond, na bado kila asubuhi anauliza kiwanda hicho kiko barabara gani.

Ulipokuwa unaondoka uliniambia nikutumie ukurasa, neno kwa neno, bila maji. Huu hapa:

"Jumamosi, 2 Agosti 1997. Joto kali, upepo kidogo jioni. Watu 2,118. Mbwa sikuwahesabu. Bendi 11. Saladi ya viazi: nyingi. Kiatu cheupe kilichoharibika: kimoja, cha mtu wa redio.

"Saa kumi na mbili na robo tulianza wimbo wa mwisho. Thurman dramu, Lamar sehemu ya chini, mimi ya juu kwa mara ya kwanza. Mama alikaa juu ya tela, viatu kavua, nyayo kwenye mbao. Wynelle alisimama nyuma yangu karibu na amplifaya, hakuwa kwenye ratiba. Watu walipoanza kuvumisha, mbao zilitetemeka. Mama akatazama miguu yake. Nafasi ya saba nilipiga vizuri. Ya kumi nilipiga vizuri, nikajisifu, bega likapanda. Nikiwa naelekea ya kumi na tano nilijua nakosa. Kidole kilikuwa kimeshakwenda mahali pasipo pake, mbele ya watu 2,118 na kituo cha redio.

"Hapo gitaa langu lilizima.

"Nikageuka. Wynelle alikuwa ameinuka na ncha ya waya wangu katika mkono wake mzima. Akapita mbele yangu kwenye kipaza sauti akaimba sehemu ya juu kwa mdomo, bila maneno, ila aliishusha chini, kwa sauti yake nzito ya kifua, ile Mama anayoweza kuisikia. Watu hawakunyamaza, waliendelea kuvumisha ya chini, na yeye akakaa juu yao mpaka mwisho. Mimi nilisimama na gitaa lililozima, sina cha kufanya, nikamtazama kama wengine wote.

"Mama alisema, 'Enhe. Ndiyo huo. Mmenichelewesha.' Alisema kwa sauti kubwa, na imerekodiwa.

"Mtu wa redio alimuuliza Wynelle ni nani aliyebuni ule ufundi wa kuzima gitaa ghafla ili sauti za watu zibaki peke yake. Wynelle akamwambia, 'Hakuna ufundi, bwana. Nilijikwaa kwenye waya.'"

Huo ndio ukurasa. Kisha, kama tulivyokubaliana, nilitoa daftari la mwaka themanini na sita, nikachonga penseli, nikaufuta ule mstari, na juu yake nikaandika: "Nilichomoa waya wa Wynelle kwa mkono, kwa wivu." Karatasi imebaki na doa mahali nilipofuta, lakini inasomeka.

Nikarudi kwenye ukurasa wa mwaka huu, nikakuta nao una uongo mmoja mstari wa mwisho. Nilikaa nao muda mrefu na penseli mkononi, mtu ninayejisifu kwamba vitabu vyangu havina kosa.

Umesema ulijikwaa. Nimeuacha hivyo hivyo.

Mdogo wako,
Delmus